Mita Mia Tano Hadi Geti la Shule

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili usije ukategemea safari. Naishi Ganako, nje kidogo ya mji wa Karatu, ambako kila asubuhi wazungu wanapita kwenye magari yaliyofunguliwa paa kwenda kuiona kreta ya Ngorongoro, na mimi hiyo kreta naijua kwa picha ya kalenda. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wengi ni madereva wa watalii, wapishi wa kambi, watu wanaoweza kumsifia twiga kwa Kijerumani. Mimi nilinunua cherehani, nikaiweka barazani, nikakaa. Mke wangu ndiye anayefanya kazi huko juu, kwenye loji moja, anawatandikia vitanda watu waliopanda ndege kuja kulala jirani na simba. Anarudi kwa zamu. Akirudi huniangalia, huangalia nilipokaa, kisha huuliza:

"Hivi baba watoto, tangu niondoke umesimama?"

"Nimesimama kukupokea."

Ananiita baba watoto, ingawa mtoto ni mmoja. Ni wa kike, ana miaka saba, na ana mtindio wa ubongo. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na ubongo ukaumia kwenye sehemu inayoongoza miguu. Sehemu inayoongoza mdomo haikuguswa kabisa. Miguu yake hukaza na kuvukana magotini kama mkasi unaotaka kujifunga, na visigino havitaki kukaa chini. Ndani ya nyumba hushika ukuta, akaachia, akashika benchi, akaachia, akashika meza ya cherehani, akanigonga kiwiko, mshono ukapinda. Ukiona shati lenye mfuko wa kupinda hapa Ganako, ujue nilipolishona binti yangu alikuwa anapita.

Mwaka huu ilibidi aanze darasa la kwanza. Shule ipo, hiyo hapo barabarani, bati zake tunaziona tukiwa uani. Nikaenda kumwona mwalimu mkuu, safari yangu ya kwanza ya mwezi. Akanisikiliza vizuri tu.

"Sisi tutampokea, fundi. Ila niletee karatasi ya hospitali inayosema anatembea kiasi gani. Kama kufika na kurudi kutamshinda, ipo shule ya bweni yenye kitengo cha watoto kama yeye. Ni mbali, lakini wana mabweni na walezi."

Hakusema kwa ubaya. Mbali penyewe ni siku nzima ya basi. Jioni nikampigia simu mke wangu.

"Sitaki alale bweni na miaka saba," akasema. "Lakini pia sitaki akae hapo barazani akikushikia vitambaa mpaka azeeke. Nenda kliniki, ujibu ukweli. Siyo vichekesho vyako."

Siku ya kliniki nikamvalisha kama anakwenda kubarikiwa. Kwetu mtu haendi kwa daktari miguu mitupu. Gauni nililoshona mwenyewe, soksi nyeupe, na viatu vyeusi vya mshipi vilivyomzidi namba moja ili akue navyo. Nyumbani anatembea peku kwenye sakafu ya udongo, vidole vikishika chini. Hospitalini kulikuwa na vigae vyeupe vimepigwa deki vinang'aa. Hilo sikuliwaza. Niliwaza soksi.

Mtaalamu wa viungo alikuwa dada kijana mwenye raba na sauti ya upole, sote tukimwita daktari. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, kwa hiyo sisi wa kwenye benchi tulisikia kila kitu. Mbele yetu alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Ngorongoro, watu wakimwita yeyo, yaani mama, naye ana mtoto mwenye shida kama ya wangu.

"Yeyo, mtoto anaweza kutembea mita mia tano?"

"Mita sijui," akasema yeyo. "Asubuhi anafuata ndama mpaka kwenye ule mti mkubwa wa miiba. Hapo anakaa. Kurudi anaegemea punda."

"Punda?"

"Punda ni mpole. Anamngoja."

Daktari akafikiri, akaandika. Mimi nikacheka. Yeyo akageuka.

"Wewe baba unacheka. Wako anafika wapi?"

"Wangu hatoki uani."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nashinda naye siku nzima."

"Mwanaume unashinda nyumbani siku nzima?" Akanitazama toka juu hadi chini, kama dume la ng'ombe lililorudishwa kutoka mnadani bila kuulizwa bei.

Zamu yetu ikafika. Swali lilikuwa moja lenye vipande vitatu. Ndani ya nyumba, kama mita tano, anatembeaje? Uwanjani, kama mita hamsini? Na mbali, kama mita mia tano, kufika dukani au shuleni? Anatembea mwenyewe, anashika kitu, au anabebwa? Futi yangu ya kupimia nguo nilikuwa nimeisahau shingoni, nikaivua nikaanza kuonyesha mita tano ni ngapi, daktari akaniambia kwa upole kwamba anajua.

"Mita tano anashika ukuta," nikasema. "Hamsini anashika mkono wangu, kwa shida. Mia tano, hapana. Namfunga mgongoni kwa khanga."

"Mwanaume unabeba mgongoni!" Hiyo ilikuwa sauti ya yeyo, huko nje.

"Naenda kwa bibi," binti yangu akasema.

"Bibi yupi?" daktari akamuuliza.

"Bibi mwenye mbuzi."

"Usiandike hilo, daktari," nikasema. "Huyu anasimulia. Juzi kaniambia kuku wetu anajua kuhesabu."

Binti yangu akaniangalia, akafunga mdomo. Si kitu anachokifanya mara nyingi, na mimi nikadhani amekubali kuwa nimesema kweli.

Kisha akapimwa. Daktari alichora alama mbili za chaki kwenye korido, akashika saa ya simu, akamwambia atembee toka hapa hadi pale, hata akishika mkono wangu. Mtoto akanishika mkono, akaanza. Kwenye benchi walikaa wazee watatu. Akafika kwa wa kwanza, akasimama. "Shikamoo." Akafika kwa wa pili, akasimama. "Shikamoo. Umeamkaje?"

"Usisalimie, mama," daktari akamwambia, "tembea tu."

Mtoto akanigeukia kwa macho ya mtu aliyeambiwa aibe. Nikamwashiria, nenda. Akampita mzee wa tatu bila neno, akaharakisha kwa aibu, kiatu kimoja kikateleza kwenye kigae, kingine kikabaki na soksi, na gauni langu likafagia korido. Hakuumia. Mzee wa tatu alimwambia "Marahaba" hata hivyo.

Daktari alitukalisha akafunga mlango.

"Baba, kwa majibu yako na nilichokiona, naandika hawezi kwenda na kurudi shule ya kutwa. Nitashauri kiti cha magurudumu, na lile bweni. Ila karatasi sijaisaini. Wiki ijayo tunapita Ganako kuwaona watoto majumbani. Nitamwangalia nyumbani kwenu, halafu nasaini."

Tulirudi nyumbani kwa bodaboda, mtoto katikati, viatu mfukoni.

Kesho yake nikamuuliza: "Bibi mwenye mbuzi ni yupi?"

"Si yule."

Akanyoosha kidole chini ya barabara, upande wa shule. Yuko kweli bibi huko, Mwiraqw mzee, mjane, anafuga mbuzi sita. Nilikuwa namjua kwa kukohoa kwake wakati wa kupita. Nikaamua kwenda kuuliza, na kwa kuwa nilikuwa mtu mwenye sayansi ya kidato cha nne, nikaamua njiani nipime. Futi yangu ina sentimita mia na hamsini. Nikapiga magoti barabarani, nikaitandika, nikaweka kijiti, nikasogea, nikaitandika tena. Nilipofika ya kumi na nane, mzee mmoja akasimamisha baiskeli.

"Fundi! Barabara unaishonea suruali?"

"Kaptula tu, mzee. Kitambaa hakitoshi."

Nikamsalimia, akaniuliza habari za mke, za mvua, za shati lake la tangu Pasaka. Akaondoka, nikawa nimesahau hesabu. Nikaanza tena. Akaja mama na ndoo. Mara ya tatu nikafika kwa bibi na hesabu ya futi mia na hamsini na kitu, kama mita mia mbili na thelathini, na magoti ya mtu aliyesali novena nzima.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Nikamwamkia, nikamuuliza kama amewahi kumwona binti yangu pale.

"Yule? Anakuja kila siku, mwanangu. Anasukuma kiti."

"Kiti kipi?"

"Kiti chako cha wateja."

Kile cha plastiki, cheupe! Miguu yake ilikuwa imelika mpaka mteja mmoja mnene alichomoka akaenda kupiga goti mbele ya cherehani, na mimi nikamlaani aliyeniuzia. Kumbe mtoto alikuwa anakishika mgongo, anakisukuma, anakiegemea, anakisukuma. Saa nane mchana. Saa nane mchana mimi huwasha redio na kukagua mishono.

"Anasema unakuwa umelala," bibi akafafanua, "futi shingoni, mdomo wazi. Anakirudisha kabla hujaamka."

"Mbona hamkuniambia?"

Bibi akaacha kuchambua. "Tulidhani unajua. Baba gani hajui?"

Nilirudi nyumbani bila kupima chochote.

Siku ya daktari nilimwacha mtoto peku, na gauni la kila siku. Gari la hospitali likasimama, daktari akashuka na kitu cha chuma chenye miguu minne, kiko wazi nyuma, kina mikono miwili ya kushika, na magurudumu madogo mbele.

"Hii ni fremu ya kutembelea. Leo tunajaribu. Ikimfaa, inabaki."

Nilimweleza habari za kiti na bibi, nikikata sehemu ya redio. Mtoto akairudisha. Daktari alicheka, kisha akaweka uso wa kazi. Akachuchumaa mbele ya binti yangu.

"Tunakwenda mpaka geti la shule. Usisimame njiani, sawa? Nataka nione miguu na pumzi."

Tukatoka. Fremu ikikwaruza changarawe, miguu ikivukana na kuachana, vidole vikishika ardhi. Alikuwa anakwenda, wallahi alikuwa anakwenda, na mimi nyuma yake nikamhesabia kila hatua, kama mtu anayepanda mnazi. Tukafika kwa mama anayeuza ndizi. Mtoto akafumba midomo akapita.

"Eeh!" mama wa ndizi akasema. "Leo tumekosana?"

Shingo ya binti yangu ikaingia mabegani, lakini hakusimama. Akawapita wawili kwenye kisima kidogo. Karibu na mashine ya kusaga magoti yakabanana kabisa, kama mtu aliyefungwa kamba, akateremka taratibu mpaka chini, akakaa kwenye vumbi ameishika fremu kwa mkono mmoja. Jasho lilikuwa limemjaa kwenye paji la uso.

Daktari akazima saa. "Kama mita themanini," akasema kwa sauti ndogo, akatoa kalamu.

Nikaitazama ile kalamu. Kule ilikoelekea kulikuwa na bweni, na siku nzima ya basi, na kitanda cha chuma chenye jina la mtoto wangu kwenye karatasi ya gundi.

"Daktari," nikasema, "hivi sivyo anavyotembea."

"Anatembeaje?"

Ningeweza kumjibu. Kliniki nilijibu maswali matatu bila kupepesa.

"Sijui," nikasema. "Muulize mwenyewe."

Akamuuliza. Mtoto akafuta pua kwa kiganja.

"Natembea nikisalimia."

Tulimpumzisha, tukampa maji, tukarudi kuanza upya kutoka uani, safari hii bila masharti. Akafika kwa mama wa ndizi, akasimama.

"Shikamoo, mama. Tumepatana."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza na gari lako."

"Ndizi zimetoka?"

"Zimetoka kidogo."

"Na mtoto anaendeleaje na kikohozi?"

Na wakati mama wa ndizi anaeleza kikohozi toka kilipoanza, nikaona. Mtoto alikuwa ameilaza mikono yake yote kwenye fremu. Magoti yakaachana, moja, halafu la pili. Na visigino, vile visigino vyake visivyotaka ardhi, vikaanza kushuka polepole mpaka vikagusa chini. Mama alipomaliza, mtoto akasema "Haya, mpe pole," akaondoka kama mtu aliyetoka kulala.

Daktari alikuwa amechuchumaa barabarani, anachungulia miguu.

"Umeona, baba?"

"Nimeona."

"Anapumzika. Na hakuna anayejua kama anapumzika."

Miaka yote nilidhani nimezaa mbea. Alisalimia kisimani. Alisalimia kwenye mashine ya kusaga, akauliza kama mkanda ule uliokatika umepatikana. Kwa bibi tulikaa kidogo zaidi, kwa sababu kila mbuzi aliulizwa hali yake. Njia ilikuwa tambarare mpaka hapo, kisha kinakuja kilima kifupi kabla ya shule, na kwenye kilima hicho kulikuwa na mzee mmoja tu, ana jembe begani, anapita zake. Mtoto alimkamata. Alimuuliza mahindi, akamuuliza maharage, akamuuliza jino lililomsumbua, akamuuliza mkwe wake aliyehamia Kansay, akarudi kwenye mahindi.

"Mjukuu," mzee akasema mwisho, "niache basi na mimi niende shambani."

"Nenda, babu. Visigino vimeshuka," akamjibu, na mzee akaondoka anatikisa kichwa.

Tukafika getini baada ya dakika arobaini na mbili. Daktari aliandika huku amesimama, karatasi ameiweka kwenye nguzo. Mimi nilikuwa nimekaa chini naomba maji.

"Fomu haina mahali pa salamu," akasema. "Naandika hivi: mita tano anashika kuta, mita hamsini kwa fremu, mita mia tano kwa fremu, akisimama mara kumi na moja. Shule ya kutwa inamfaa. Atoke nyumbani mapema, na kwa mwezi wa kwanza mzazi amsindikize." Akasaini. Kisha akanitazama nilivyokaa. "Mzazi mwenyewe nitampima lini?"

Mwalimu mkuu aliisoma karatasi mara mbili, akasema aanze Jumatatu, na tuwahi namba ya asubuhi, watoto wanapohesabiwa mstarini.

Mke wangu alikuja Jumamosi. Hakuisoma karatasi kwanza. Alikwenda akasimama kwa bibi, akamwita mtoto kutoka kule, akamtazama akija na fremu yake na vituo vyake mpaka alipofika. Kisha akarudi naye, akanikuta barazani.

"Kwa hiyo mtoto alikuwa anatoka kila siku, na wewe ulikuwa wapi?"

"Nakagua mishono."

"Umefumba macho?"

"Ndivyo inavyokagulika vizuri."

Akacheka mpaka akakaa kwenye kile kiti kibovu, kikamchomoa, akacheka zaidi. Usiku alilala ameishika karatasi, na asubuhi ya kuondoka akanikumbusha ile sentensi ya mzazi kusindikiza kana kwamba daktari aliiandika kwa ombi lake.

Jumatatu tukatoka jua halijapanda vizuri. Mtoto na sare mpya, nimeishona mwenyewe, mifuko imenyooka. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa namba. Tulipokutana na mtu nikasema, "Shikamoo mama, tunawahi shule!" nikapita. Wa pili, "Shikamoo mzee, tutaongea jioni!" nikapita. Nilikuwa najisikia baba hodari, mbele, mkono nyuma, nikiisafisha njia. Nilipompita wa tatu nikasikia fremu imenyamaza. Nikageuka. Binti yangu alikuwa amesimama hatua nyingi nyuma, magoti yamebanana, anapumua kwa mdomo.

"Baba," akasema, "unasalimia haraka. Nachoka."

Alikuwa anakuja mama mmoja nisiyemfahamu, jembe mkononi, kitenge kimelowa umande. Nikarudi nikasimama pale alipo mtoto, nikamwamkia yule mama, naye akaitikia na kutaka kupita. Nikatafuta kitu cha kumuuliza. Mtu wa nyumbani hana habari za watu, hilo ndilo tatizo lake. Nikamuuliza shamba lake liko upande gani.

"Langu?" akashangaa. Kisha akaliweka jembe chini, akaanza kunielekeza, toka kwenye mfereji, ukipita migomba, na jinsi shemeji yake alivyosogeza mpaka. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza na la shemeji. Na wakati wote nilikuwa natazama chini, kwenye miguu ya mtoto wangu, nikingoja.